Chumvi Iliyoficha Maji

Maji ya kuchanganyia rangi ya Giemsa, ile tunayoitumia kutafuta vimelea vya malaria kwenye damu, hutengenezwa kwa kanuni fupi sana: potasiamu daihaidrojeni fosfeti gramu 0.7, daisodiamu haidrojeni fosfeti gramu 1.0, maji yaliyokenekwa lita 1. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyofundisha katika miongozo yake ya hadubini ya malaria, na lengo ni kupata pH 7.2. Kanuni hiyo ina sharti ambalo huanguka njiani kila inaponakiliwa kwa mkono na kubandikwa ukutani juu ya sinki: chumvi zote mbili ziwe kavu kabisa, zisizobeba maji ndani ya fuwele zake. Sharti likishaanguka, anayepima anabaki na gramu 1 ya chumvi asiyoijua.

Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kukagua slaidi za malaria, na msimamo wangu ni huu: slaidi nyingi zinazomletea lawama mtu wa hadubini huwa zimeharibika kabla hajakaa kitini. Huharibikia kwenye mizani, siku bafa, yaani maji hayo ya kuchanganyia rangi, ilipotengenezwa. Na mara nyingi chumvi yenyewe haina kasoro. Ni safi, muda wake haujaisha, jina lake kwenye lebo ni sahihi, ila siyo ile iliyokusudiwa na mwandishi wa kanuni.

Daisodiamu haidrojeni fosfeti huuzwa katika sura nne. Iliyo kavu, Na2HPO4, ina uzito wa gramu 141.96 kwa moli moja. Iliyofungamana na molekuli 2 za maji ina gramu 177.99. Yenye molekuli 7 ina gramu 268.07. Yenye molekuli 12 ina gramu 358.14. Zote ni nyeupe, zote huyeyuka majini, na zikishayeyuka hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha. Maji hayo si unyevu uliopenya chupani. Ni sehemu ya fuwele yenyewe, kila molekuli imekaa mahali pake, na ukiishika chumvi hiyo mkononi utaapa kwamba ni kavu.

Tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo jambo lote lilipo. Gramu 1 ya chumvi kavu ina milimoli 7.0 za fosfeti. Gramu 1 ya chumvi yenye maji 12 ina milimoli 2.8 tu, zaidi ya nusu ya kilichokaa kwenye kijiko ni maji. Chumvi ya potasiamu, ambayo haina tabia ya kubeba maji, inabaki vilevile katika hali zote mbili: gramu 0.7 ni milimoli 5.1. Na pH ya bafa haiamuliwi na uzito wa jumla. Huamuliwa na uwiano wa chumvi hizo mbili, ile inayopokea haidrojeni, ya daisodiamu, dhidi ya ile inayoitoa, ya potasiamu. Uhusiano huo aliuonyesha Lawrence Henderson mwaka 1908, na Karl Hasselbalch akauandika kwa logarithimu miaka michache baadaye. Katika kanuni iliyo sahihi, kipokeaji kinamzidi mtoaji kwa karibu moja na nusu kwa moja. Chupa ikiwa ya chumvi yenye maji 12, mtoaji anakuwa karibu mara mbili ya kipokeaji. Logarithimu ya tofauti hiyo ni 0.4. Kwa hiyo lita uliyoitengeneza ukiamini ni 7.2 iko kwenye 6.8 hivi.

Hiyo 6.8 ndiyo inayolifanya kosa hili liwe baya kuliko linavyoonekana. Lingekuwa kosa la kuangusha pH hadi 4, rangi ingekataa kabisa, na kila mtu angejua kuna tatizo. Lakini 6.8 ni pH halali ya Giemsa kwa kazi nyingine. Wanaochunguza seli za damu zenyewe, wanaotafuta saratani ya damu au upungufu wa damu, huitumia hiyo makusudi, na seli zao hutoka vizuri. Slaidi ya malaria iliyotiwa rangi kwa 6.8 haionekani mbovu. Inaonekana slaidi ya kawaida, yenye wekundu kidogo, iliyo safi, ambayo vimelea vyake vimefifia.

Sababu yake iko kwenye umeme wa rangi. Giemsa ni mchanganyiko wa rangi za buluu za jamii ya azuri, zenye chaji chanya, na eosini nyekundu yenye chaji hasi. Azuri hushika asidi za kiini, yaani DNA na RNA. Eosini hushika protini, hasa himoglobini. Protini nazo hubadilika chaji kulingana na pH: kadiri maji yanavyokuwa na asidi ndivyo protini zinavyozidi kuwa chanya na kuivuta eosini, na buluu inapoteza nafasi yake. Kwenye 7.2 kimelea cha Plasmodium falciparum kinaonekana kwa sehemu zake mbili: nukta ya kromatini nyekundu iliyoiva na pete ya saitoplazimu ya buluu, nyembamba lakini dhahiri. Kwenye 6.8 pete hiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Nukta inabaki peke yake, na nukta peke yake kwenye tone nene la damu inafanana na vitu vingi. Madoa ya Schüffner, yanayotusaidia kutambua P. vivax na P. ovale, huhitaji 7.2 ili yaonekane vizuri; chini ya hapo aina ya kimelea inakuwa kubahatisha. Ukielekea upande wa pili, pH ikapanda mno, kila kitu kinageuka buluu, takataka zinashika rangi, na chembe sahani za damu zinaanza kusomwa kama vimelea.

Gustav Giemsa, aliyetupa rangi hii mwaka 1904 akiwa kwenye taasisi ya magonjwa ya tropiki huko Hamburg, aliwahi kuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1895 na 1898. Kazi yake kubwa ilikuwa kuituliza rangi ya Romanowsky, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikitoka nzuri leo na mbaya kesho, kwa kuiyeyusha kwenye methanoli na gliserini ili iweze kukaa chupani. Alifaulu. Lakini utulivu huo ni wa rangi iliyo ndani ya chupa. Ukishaichanganya na maji, hatima yake iko mikononi mwa maji hayo. Maji yaliyokenekwa peke yake hayatoshi, maana yakikaa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na kushuka hadi pH 5.6 hivi. Maji ya bomba ni mabaya zaidi kwa kuwa hayatabiriki: ya mji huu yana chokaa, ya mji ule, kama maji ya miteremko ya Meru, yana bikaboneti nyingi na hupita pH 8.

Kuna watakaouliza kama bado inafaa kuhangaika na slaidi wakati vipimo vya haraka vya malaria vimeenea hadi zahanati za vijijini. Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba inafaa kuliko zamani. Kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya HRP2 huendelea kusema ndiyo kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo hakiwezi kukuambia kama dawa imefanya kazi. Aidha, vipo vimelea visivyotengeneza protini hiyo kabisa, na Eritrea ililazimika kubadili vipimo vyake kwa sababu hiyo. Halafu kuna usugu wa dawa. Badiliko la jeni linaloitwa R561H, linalohusishwa na kimelea kuchelewa kufa mgonjwa anapopewa dawa ya artemisinini, liliripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye likaonekana Kagera. Njia ya kujua kama vimelea vinachelewa kufa ni kuvihesabu kwenye tone nene siku baada ya siku, hadi siku ya tatu: vimelea vingapi kwa seli nyeupe 200, zidisha kwa 8,000, gawanya kwa idadi ya seli ulizohesabu. Siku ya tatu vimelea ni vichache na vimedhoofika. Bafa ya 6.8 inaweza kuvifanya visionekane, na mgonjwa ambaye dawa inamshinda akaandikwa amepona.

Hata kipimo cha haraka chenyewe kina kichupa chake cha bafa, na ni bahati mbaya kwamba kichupa hicho kikiisha kabla ya vipimo, wapo wanaoazima cha boksi la kampuni nyingine au kutumia maji ya chumvi ya hospitali. Matokeo ya kufanya hivyo yanajulikana: mistari ya uongo, ndiyo pale palipo na hapana. Bafa haibadilishwi kama glovu.

Kwa nini basi fosfeti, kama ina mtego wa namna hii? Kwa sababu kwa kazi hii, na kwa hali ya hewa yetu, sijaona inayoishinda. Asidi ya fosfori huachia haidrojeni zake tatu kwa hatua, karibu na pH 2.15, 7.2 na 12.3. Ile ya katikati iko palepale tunapoihitaji, karibu kabisa na pH ya damu. Figo zetu zenyewe hutumia jozi hiyohiyo kubeba asidi na kuitoa kwenye mkojo. Kubwa zaidi kwangu ni joto. Bafa ya fosfeti inayotumika duniani kote kusawazisha mita za pH ina 6.865 kwenye nyuzi 25, na 6.844 kwenye nyuzi 35. Tofauti hiyo hakuna rangi itakayoihisi. Tris, bafa inayopendwa sana na maabara za molekuli, hushuka zaidi ya mara kumi ya hapo: iliyosawazishwa kwenye nyuzi 25 ikipelekwa kwenye chumba cha nyuzi 35 inakuwa imepoteza 0.28. Kwa maabara ya Moroni, Kigoma au Lamu isiyo na kiyoyozi, fosfeti inakupa pH ileile asubuhi na saa nane mchana. Fadhila hiyo haitajwi vya kutosha na wanaoandika miongozo wakiwa kwenye majengo yenye ubaridi wa kudumu.

Lakini joto na unyevu ambavyo haviigusi fosfeti ikiwa ndani ya maji huigusa vibaya ikiwa ungani, na hili ndilo lililonifanya nisiridhike na kusema tu kwamba watu wasome lebo. Daisodiamu haidrojeni fosfeti kavu hunyonya unyevu. Ifungue Tanga au Unguja wakati wa masika, uiache na kifuniko kilicholegea, nayo itaanza kujibadili taratibu kuelekea sura zenye maji. Lebo itaendelea kusema ni kavu. Ile yenye maji 12 ina tabia ya kinyume: katika hewa kavu, kama ya Dodoma miezi ya kiangazi, hupoteza maji yake, fuwele zinazong'aa zikapauka na kuwa unga. Na ikifika nyuzi 35 hivi huyeyuka ndani ya maji yake yenyewe. Stoo yenye paa la bati lisilo na dari hupita nyuzi 35 bila shida. Chupa ikija kupoa, chumvi inaganda kuwa bonge, na juu ya bonge na chini yake hapana tena kiasi kilekile cha maji. Anayechimba bonge hilo kwa kijiko anapima kitu ambacho hata kiwanda kilichokitengeneza kisingeweza kumwambia ni nini.

Søren Sørensen, mkemia wa maabara ya Carlsberg huko Copenhagen aliyetuletea kipimo cha pH mwaka 1909, alilijua tatizo hili. Bafa yake ya fosfeti aliitengeneza kwa potasiamu daihaidrojeni fosfeti na daisodiamu haidrojeni fosfeti yenye maji 2, ile ambayo hewani hutulia kuliko ndugu zake, na kwa miongo mingi wauzaji wa kemikali waliiita chumvi ya Sørensen. Alichagua sura ya chumvi kabla ya kuchagua uzito. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado kuna karatasi za ukutani zinazotoa uzito bila kutaja sura.

Sitaki msomaji adhani fosfeti haina udhaifu mwingine. Ikikutana na kalisiamu hufanya ukungu mweupe unaozama chini, ndiyo maana maji ya kisima hayafai hata yakichujwa kwa kitambaa. Ni chakula cha bakteria na kuvu: chupa ya bafa iliyokaa mezani wiki kadhaa inaweza kuwa na viumbe hai vya kutosha kuonekana kwenye slaidi, na mtu akaviandika kama vimelea. Bafa iliyotibuka imwagwe, isichujwe. Na kwa wale wa maabara za utafiti wanaohifadhi kingamwili na enzaimu zilizosafishwa kwenye bafa ya sodiamu fosfeti, kuna jambo wanalopaswa kulijua kabla ya kuweka kitu kwenye friza. Myeyusho huo unapoganda, chumvi yenye maji 12 ndiyo inayotangulia kujitenga kuwa fuwele, mtoaji wa haidrojeni anabaki peke yake kwenye tone lililosalia, na pH inaweza kuporomoka hadi karibu na 4 huku chupa ikionekana imetulia. Umeme ukikatika na kurudi, protini zile zinapita kwenye asidi hiyo tena na tena. Bafa ya potasiamu haiporomoki hivyo. Udhaifu wa bafa za zamani ndio uliomfanya Norman Good na wenzake, mwaka 1966, kutafuta bafa mpya kwa kazi za baiolojia, na HEPES na ndugu zake zilitoka huko. Ni nzuri, na bei yake ni ya juu. Kwa slaidi ya malaria hazihitajiki.

Kuna mahali pengine ambapo chumvi hii inalinda utambuzi wa malaria, mbali kabisa na meza ya Giemsa. Vipande vya nyama vinavyopelekwa kwa wataalamu wa patholojia huhifadhiwa kwenye fomalini ya asilimia 10, na fomalini ikikaa hutengeneza asidi ya fomiki. Asidi hiyo ikikutana na himoglobini hutoa chembe za kahawia nyeusi ndani ya seli, ambazo chini ya hadubini zinafanana mno na rangi inayoachwa na kimelea cha malaria. Daktari anayetafuta chanzo cha kifo cha mtoto kwenye kipande cha wengu au cha ubongo anaweza kupotezwa na uchafu uliotengenezwa ndani ya kopo. Kinachozuia ni fosfeti: gramu 4.0 za sodiamu daihaidrojeni fosfeti yenye molekuli 1 ya maji na gramu 6.5 za daisodiamu haidrojeni fosfeti kavu, kwa kila lita. Angalieni jinsi kanuni hiyo inavyotaja maji ya kila chumvi. Imeandikwa na mtu aliyewahi kuteseka.

Sasa nije kwenye ununuzi, maana hapo ndipo kosa linapozaliwa. Fomu ya kuagizia hutaja jina la chumvi na uzito wa chupa. Wauzaji wanaleta bei zao, na ya chini ndiyo inayoshinda. Chumvi yenye maji 12 mara nyingi huwa nafuu kwa kilo, na haishangazi: asilimia 60 ya uzito wake ni maji. Katika chupa ya gramu 500 mna gramu 198 tu za chumvi yenyewe. Ni sawa na kununua muhogo mbichi kwa kudhani umenunua makopa, kisha kushangaa kwamba unga hautoshi. Afisa ununuzi hana kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba jina moja lina bidhaa nne. Mtunza stoo naye anapokea chupa yenye jina lililo kwenye fomu, anasaini. Mtaalamu wa maabara anapima gramu 1 kama karatasi inavyosema. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na slaidi zimefifia wilaya nzima.

Tena hatuzungumzii chumvi ghali. Chupa moja ya gramu 500 iliyo kavu inatosha lita 500 za bafa. Slaidi moja inapotiwa rangi ya Giemsa ya asilimia 10 hutumia mililita 3 hivi za mchanganyiko, kwa hiyo chupa hiyo inaweza kuhudumia slaidi zaidi ya laki moja na nusu. Kituo cha afya kingeweza kuifunga vizuri na kuitumia miaka. Tofauti ya bei kati ya sura moja na nyingine, ikigawanywa kwa slaidi hizo, haifikii hata chembe ya gharama ya dozi moja ya dawa aliyopewa mtu asiye na malaria.

Na kwa kuwa chumvi hii tunaiagiza kutoka ng'ambo, lazima niitaje Minjingu. Kando ya Ziwa Manyara kuna mwamba wa fosfeti uliotokana na mabaki na vinyesi vya ndege wa kale, unachimbwa na kufanywa mbolea. Uganda wana milima ya Sukulu karibu na Tororo. Fosfeti tunayo. Tusichokuwa nacho ni hatua za katikati: kuyeyusha mwamba kwa asidi ya salfuriki, kuondoa floridi na metali, kusafisha asidi ya fosfori hadi ifae maabara, kisha kuilisha soda mpaka ifike kwenye chumvi tunayoitaka. Hilo ni somo la safu nyingine, lakini kila nikisoma lebo ya chupa iliyovuka bahari huwa nalikumbuka.

Kinachoweza kufanywa wiki hii hakihitaji kiwanda. Anayeandika fomu ya kuagiza aandike fomula kamili pamoja na namba ya uzito wa moli, 141.96, ili muuzaji asiwe na pa kujificha. Karatasi ya ukutani ibadilishwe iwe na mistari minne badala ya mmoja: kwa lita moja, chumvi kavu gramu 1.0, yenye maji 2, gramu 1.25, yenye maji 7, gramu 1.9, yenye maji 12, gramu 2.5. Kila bafa mpya ipimwe pH kabla ya kutumika. Ikiwa chini ya 7.2, idondoshewe myeyusho wa asilimia 2 wa chumvi ya daisodiamu. Ikiwa juu, wa chumvi ya potasiamu. Kidogo kidogo, mita ikiwa ndani ya kopo. Pasipo na mita, karatasi za pH za masafa mafupi zinasaidia, na shahidi bora kuliko zote ni slaidi ya damu ambayo tayari inajulikana ina vimelea, itiwe rangi sambamba na za wagonjwa. Pete za buluu zisipoonekana kwenye slaidi hiyo, hakuna jibu la hapana litakalotolewa siku hiyo mpaka bafa itengenezwe upya.

Na kwa ile chupa iliyokaa stoo muda mrefu, lebo imefutika au chumvi imefanya bonge, kuna kipimo ambacho maabara yoyote yenye mizani na oveni inaweza kukifanya. Saga chumvi, changanya vizuri, pima gramu 1 kwenye kisahani kilichokwisha pimwa. Anza na joto la chini la nyuzi 30 hivi kwa saa kadhaa, maana ile yenye maji mengi ikipashwa ghafla huyeyuka na kurukaruka, kisha ipandishe hadi nyuzi 110 na uiache usiku kucha. Asubuhi iache ipoe ikiwa imefunikwa, upime tena. Ikibaki gramu 1, ni kavu. Ikibaki 0.8, ilikuwa na maji 2. Ikibaki 0.53, ilikuwa na maji 7. Ikibaki 0.4, ilikuwa na maji 12. Ikibaki namba iliyo katikati ya hizo, chupa hiyo ni mchanganyiko, nayo isitumike kupimia bafa mpaka chumvi yote ikaushwe kwa njia hiyohiyo na kufungwa kwenye chupa isiyopitisha hewa, ikiwa na lebo mpya yenye tarehe na jina la aliyeikausha.